Mtama Mwekundu wa Karachuonyo

Ukivuka mpaka wa Sirari na kuingia Isebania, ardhi haikwambii kwamba umebadilisha nchi. Wakuria wako huku na huko, ng'ombe wao ni wale wale, na wimbi limeanikwa juu ya maturubai upande wa Tarime na upande wa Kehancha vilevile. Kinachobadilika ni chai. Kwetu Dodoma ukiomba chai utaulizwa ya rangi au ya maziwa. Isebania nililetewa kikombe ambacho uamuzi wake ulishapitishwa jikoni, majani na maziwa na sukari vimechemka pamoja, na mama mwenye hoteli alinitazama kwa huruma nilipouliza kama kuna ya rangi.

"Strungi? Kwani wewe ni mgonjwa?"

Nikanywa ya maziwa, na ilikuwa nzuri. Kisha nikapanda matatu ya kwenda kaskazini, nikiwa na swali nililolibeba muda mrefu.

Mimi ni mtu wa Dodoma. Nimekulia jirani na mashamba ya mizabibu ya Mpunguzi, ambako mchanga mwekundu na uhaba wa mvua vinaupenda mzabibu kuliko vinavyoyapenda mahindi, na ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, neema ambayo mkulima wa Ufaransa au Italia haijui. Mzabibu ulikuja na wamisionari wa Kikatoliki, na habari ya mvinyo wetu haisimuliwi bila kutajwa misheni ya Bihawana. Padri alihitaji divai ya misa, mkulima akapata zao la kuuza. Lakini majirani zangu wengi wamelima zabibu tangu ujana wao bila kujaza hata chupa moja. Zabibu zikiiva zinapakiwa, zinakwenda kiwandani, na pale mizani inapowekwa ndipo safari ya mkulima inapoishia. Nimekuwa nikijiuliza kama kuna mahali katika Afrika Mashariki yetu ambapo familia moja bado inakishika kinywaji chake tangu mbegu hadi kikombe, ikijua kipande gani cha shamba kinatoa ladha gani. Rafiki yangu wa Musoma, ambaye biashara ya samaki imemfikisha kila pwani ya ziwa, alinijibu bila kufikiri: nenda Karachuonyo, chini ya Mlima Homa.

Kabla ya Karachuonyo kuna Migori, na Migori haipitwi haraka. Mji umekaa kando ya mto wenye jina hilo hilo, na sokoni utawakuta wauza ndizi kutoka Kisii, akina mama wa omena kutoka Muhuru na Sori, na vijana wachimba dhahabu kutoka Macalder wenye vumbi hadi kwenye kope. Ukiacha mji na kupita Uriri, miwa inaanza. Awendo ni mji uliokuzwa na sukari. Kiwanda cha South Nyanza, ambacho kila mtu anakiita Sony, kiliundwa mwaka 1976 na kikaanza uzalishaji mwaka 1979, na tangu hapo vilima vya huku vimevaa kijani kimoja tu.

Nyuma ya mji, kwenye mabonde, ziko mashine ndogo za familia za kutengeneza sukari nguru. Niliomba kuingia katika moja. Injini ya dizeli inazungusha magurudumu ya chuma, kijana anayalisha miwa, na maji ya miwa yanatiririka kwenye mfereji hadi kwenye karai pana lililojengewa juu ya tanuri. Moto haununuliwi: makapi ya miwa ya jana, yaliyoanikwa juani, ndiyo kuni za leo. Mzee wa karai alitia chokaa kidogo, povu la kijivu likapanda, akaliengua kwa kata yenye mpini mrefu na kulimwaga pembeni. Alifanya hivyo tena na tena hadi uji ule ukawa na rangi ya asali ya porini. Hakuwa na saa wala kipimajoto. Alidondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi, akalibonyeza kwa vidole, akasema, "Bado." Alipodondosha mara nyingine hakusema kitu, ila vijana wawili walikuja mbio na ndoo.

Nilipewa kipande kikiwa bado vuguvugu. Kina moshi, kina chumvi kwa mbali, kina kitu cha udongo ambacho sukari nyeupe imekwisha kukipoteza. Nilisema kwamba hii ingefaa sana kwenye chai ya Isebania. Mzee akatikisa kichwa. Sehemu kubwa ya nguru haifiki kwenye chai, alisema. Inanunuliwa kwa magunia na wapika chang'aa.

Habari ya chang'aa ni nzito na sitaki kuipita kwa mzaha. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku. Sheria ya mwaka 2010, ambayo Wakenya wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipigania, iliifuta ile ya kwanza na kuruhusu itengenezwe kwa viwango na kuuzwa kwenye chupa za kioo. Katikati ya sheria hizo mbili, na hata baada yake, watu wamepofuka na wengine wamekufa kwa pombe iliyotiwa kemikali. Kwetu tunalo gongo, na misiba yake tunaijua. Ninachokiona mimi ni kwamba pombe ya moto ilipata nafasi pale nafaka ilipoondoka shambani. Nyumba iliyolima wimbi na mtama ilikuwa na kinywaji chepesi cha siku mbili tatu, kinachonywewa na watu wanaofahamiana, na kikiisha kimeisha mpaka mavuno mengine. Shamba likiwa la miwa peke yake, hakuna cha kuotesha kimea. Kuna sukari, na sukari haimngoji mtu avune.

Kuna mahali magharibi mwa Migori nilipopapitia kwa sababu sikutaka kurudi nyumbani bila kupaona. Thimlich Ohinga ni boma la kuta za mawe lililojengwa, kwa makadirio ya wataalamu, karne ya 16, mawe yamepangwa moja juu ya jingine bila udongo wala chokaa, na mahali pengine ukuta unafikia zaidi ya mita nne. UNESCO ililiingiza boma hilo katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Milango ni mifupi, lazima uiname, na ukishainama unaingia mahali palipokuwa na nyumba, zizi na maisha kamili ya ukoo. Kabila moja liliondoka, jingine likaja, kuta zikatengenezwa tena. Niliona pale kwamba watu wa eneo hili walizoea zamani kukiweka kila kitu cha maana ndani ya duara moja. Nilikuja kuliona duara hilo tena Karachuonyo, safari hii likiwa la ua wa miti.

Kutoka Rongo barabara inashuka kuelekea Rodi Kopany, na hapo nchi inabadilika kweli. Udongo mwekundu unabaki nyuma, mweusi unaanza, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kukushika viatu masika. Miwa inapungua. Unaanza kuona mtama. Halafu, mbele ya Homa Bay, vilima vinachomoza peke yake kutoka kwenye tambarare, kila kimoja na umbo lake, na nyuma yao ziwa.

Homa Bay mjini nilikula ngege, ambaye sisi tunamwita sato, aliyekaangwa kisha akarudishwa kwenye mchuzi wa nyanya, na ugali wa mtama mweusi kwa rangi na mwepesi tumboni. Jioni nilikaa na wavuvi kwenye baa iliyotazama gati. Wengi walikuwa wakinywa keg, ile bia ya Senator iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayotengenezwa kwa mtama. Ni bia ya bei nafuu iliyobuniwa kuwavuta watu watoke kwenye chang'aa, na serikali iliipunguzia kodi kwa sababu hiyo. Kodi ilipopandishwa mwaka 2013, mauzo yakaanguka na wakulima wa mtama wakabaki na magunia. Kiwanda cha bia cha Kisumu kilipofunguliwa upya mwaka 2019, matumaini yakarudi. Mvuvi mmoja aliniambia kwamba mtama wa keg ni mweupe, na kwamba mama yake anaulima kwa ajili ya wanunuzi. Nikauliza mwekundu unakwenda wapi. "Mwekundu ni wa nyumbani," alisema, na hakuona haja ya kueleza zaidi.

Mlima Homa unaonekana ukiwa mbali, umejitupa kwenye rasi kati ya Homa Bay na Kendu Bay. Ni volkano iliyozimika, ya aina adimu: sehemu kubwa ya miamba yake ni ya kaboneti, ndugu wa chokaa. Sisi Watanzania tunaye jamaa yake aliye hai, Ol Doinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotoa lava ya ukoo huo leo. Chini ya mlima huu, mahali panapoitwa Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Zilitumika kukatia nyama ya kiboko na pia kuponda mimea. Nilipoambiwa hivyo nilisimama. Mawe ya kuponda, katika nchi hii ya mtama, yana historia ndefu kuliko binadamu wa aina yetu.

Nataja chokaa kwa sababu. Huko Champagne, Ufaransa, ambako mvinyo wa mapovu umefanywa kuwa heshima ya taifa, kila mwenye shamba atakuonyesha kwanza ardhi yake nyeupe ya chaki kabla hajakuonyesha chupa. Mizizi inazama humo, maji yanahifadhiwa humo, na mapango ya kulazia chupa yamechimbwa humo humo. Tangu mwaka 1936 jina la Champagne linalindwa kwa utaratibu maalumu wa asili ya mvinyo, ili asitokee mtu wa mahali pengine akalitumia. Hapa chini ya Homa hakuna sheria inayolinda jina lolote. Lakini ukimuuliza mama wa Karachuonyo mtama wake ulitoka wapi, hatakwambia "shambani". Atakwambia kama ni wa mteremko au wa bondeni, na atakuangalia kama unajua tofauti.

Nilifika kwa ile familia kwa bodaboda, njia ya mawe meupe, jua la saa nne. Boma lina uzio wa miti, lango moja, na nyumba ya mke mkubwa imetazamana na lango kama desturi ya Wajaluo inavyotaka. Ndani ya nyumba hiyo anaishi mwanamke ambaye ukoo mzima, na majirani, wanamwita Dani, bibi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama kidogo, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa. Dani alicheka kwa furaha, akanyoosha mkono, akaushika wangu na hakuuachia mpaka alipomaliza kuniuliza habari za mama yangu, mvua ya Dodoma, na watoto. Kwetu mdogo hatangulii kutoa mkono kwa mkubwa. Kwao mgeni asiyeshikwa mkono hajapokelewa.

Katika boma hilo kazi imegawanyika kwa namna ambayo sijaiona popote. Mkwe wa Dani, mjane wa makamo, ndiye anayepika kong'o, pombe ya nafaka. Dani mwenyewe haonji kabisa. Ni Msabato wa kubatizwa, na usafi wa mdomo wake ni jambo analolishika kwa dhati. Hata hivyo hakuna chungu kinachofunguliwa bila yeye kusema ndiyo.

Ili kulielewa hilo inabidi kurudi Gendia, umbali mfupi kutoka Kendu Bay. Mwaka 1906 Mmisionari Arthur Carscallen, pamoja na Peter Nyambo aliyetoka nchi ambayo leo ni Malawi, walianzisha hapo misheni ya Waadventista wa Sabato. Shule ilikuja, hospitali ilikuja, kiwanda cha kuchapa vitabu kilikuja. Na pombe ikaondoka. Waliobatizwa walitakiwa kuachana nayo moja kwa moja, kuinywa na kuipika. Mama mkwe wa Dani, kama familia inavyosimulia, alivunja vyungu vyake kwa mkono wake mwenyewe, na mumewe, ambaye hakubatizwa, akaenda kuomba chungu kwa nduguye ili kaka zake wasije wakakaa kwenye matanga bila kitu. Bihawana mmisionari alipanda mzabibu. Gendia mmisionari alivunja chungu. Sisemi hili kwa kulaumu. Watu wengi wa hapa watakwambia kwamba Usabato uliwaokoa baba zao, na ninawaamini. Nasema tu kwamba kule kwetu dini ilikuja na kinywaji kipya na kukifundisha kwa chuo na chupa, na huku ujuzi wa kale uliambiwa ujifiche.

Ulijificha kwenye uji. Kimea kile kile kinachochachusha pombe ndicho kinachotumika kuulainisha na kuuchachusha uji wa wimbi, ambao Msabato anakunywa asubuhi bila wasiwasi. Dani alijifunza kimea kwa mama mkwe aliyekataa pombe. Alijua mbegu gani inachipua sawasawa, siku ngapi ikae gizani, harufu gani ni nzuri na ipi ni ya kuoza. Kilichobaki, yaani kuupeleka uji mbele zaidi kidogo, mkwe wake Mkatoliki alikuja nacho kutoka kwao Suba.

Mkwe alinionyesha hatua kwa hatua, akiwa na haraka ya mtu ambaye kazi haimngoji. Wimbi na mtama mwekundu huoshwa na kulowekwa, kisha hufungwa ndani ya gunia lenye majani ya mgomba mpaka vichipue. Machipukizi yakifika urefu wa ukucha huanikwa, yakikauka husagwa. Huo ndio kimea. Upande mwingine, unga wa mtama mwekundu hukorogwa na maji na kuachwa uchachuke siku kadhaa, halafu hutandazwa juu ya bati kubwa lililowekwa motoni na kukaangwa. Hapa nilikaa muda mrefu. Alikuwa akiugeuza unga ule kwa mwiko mpana bila kupumzika, jasho likimtiririka, na rangi ikatoka kwenye waridi ikaingia kwenye kahawia, na harufu ya mkate uliookwa ikajaa ua wote hadi mbuzi wakasogea. Ukipoa hutiwa ndani ya chungu pamoja na kimea na maji ya mvua. Maji ya kisima chao yana chumvichumvi, alisema, na kong'o inayopikwa nayo inalala bila kuamka. Kwa hiyo kila nyumba ya bomani ina bati la kukingia mvua na tangi.

Nilimuuliza kwa nini mtama mwekundu. Kwanza ndege, alijibu. Mweupe ukikaribia kuiva inabidi watoto washinde shambani wakipiga madebe. Mwekundu una uchungu kwenye ganda lake, kwelea wanauonja na kwenda zao. Uchungu huo huo ndio unaoipa kong'o mfupa. Pili kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya nafaka katika udongo uliochoka: mbegu yao ya mteremkoni, waliyoirithi, inalistahimili kuliko mbegu za dukani. Tatu akanipeleka nyuma ya boma na kunionyesha. Mteremko una udongo mwepesi wenye vijiwe vyeupe vya mlima. Bondeni, kuelekea ziwani, ni udongo mweusi mzito. Mtama wa bondeni, ule mweupe, unazaa masuke makubwa, na ndio wanaowauzia wanunuzi wa keg. Wa mteremkoni ni mdogo, mgumu, na kimea chake ni kitamu. Aliniwekea kimea cha aina mbili kwenye viganja vyangu viwili. Nilitafuna hiki, nikatafuna kile. Hakukuwa na haja ya mtu kunifafanulia.

Siku ya kufungua chungu, Dani aliletewa kigoda. Alifunua jani la mgomba, akanusa kwa utulivu, kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona mtaalamu yeyote wa mvinyo akikifanya: akainamisha kichwa na kutega sikio kwenye mdomo wa chungu. Akaniashiria nisogee. Ndani mlikuwa mkisikika mchakacho mwembamba, wa mfululizo, kama mvua inayoanza juu ya majani makavu. Hamira inakula sukari ya kimea, inatoa kileo na hewa, na hewa inapanda na kupasuka juu. Ikiwa sauti ni kali, kinywaji bado ni kitoto. Ikinyamaza, kimezeeka na kesho kitakuwa siki. Dani alisikiliza, akasema neno moja kwa mkwe wake, akainuka kwenda kusoma Biblia yake kivulini.

Zamani wazee wangekaa kukizunguka chungu hapo penye moto wa kando ya zizi la ng'ombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, oseke, wenye chujio la kusuka mwishoni. Siku hizi huchujwa kwa kitambaa na kunywewa kwa vikombe, na wageni wa siku ile walikuwa wamekuja kupanga mahari ya binti wa nyumba ya pili. Mzee mkubwa wao alimwaga kidogo chini kabla ya kunywa. Nilipewa kikombe. Povu lilikuwa zito, rangi ya udongo wa mfinyanzi. Kwanza ilikuja chachu, safi na kali, mapovu yakichoma ulimi. Kisha ule mkate wa bati. Mwisho uchungu wa ganda la mtama uliobaki nyuma ya meno muda mrefu. Nimekunywa mvinyo wetu mwekundu wa Makutupora na ninaupenda, lakini haujawahi kuniambia umekua upande gani wa kilima.

Mjane huyu amewasomesha wanawe kwa karo iliyotoka kwenye chungu, na mumewe alipofariki alikataa kurithiwa, jambo ambalo kizazi cha Dani kisingelifikiria. Nilimsimulia habari za Barbe-Nicole Ponsardin, ambaye mwaka 1805, akiwa na miaka 27, alifiwa na mumewe na kuishika biashara ya mvinyo ya familia ya Clicquot. Ni katika nyumba yake ulipobuniwa utaratibu wa kuziinamisha chupa vichwa chini kwenye meza yenye matundu na kuzizungusha kidogo kidogo ili machicha yakusanyike shingoni, mvinyo utoke safi bila kupoteza mapovu. Duniani kote wanamwita Mjane mpaka leo, na jina hilo limebandikwa kwenye chupa. Mama alisikiliza hadi mwisho. "Na watoto wake alisomesha?" aliuliza. Nikamwambia alikuwa na binti mmoja. "Basi alikuwa na nafasi ya kufikiri," akasema, na akarudi kwenye kuchuja.

Binti yake wa mwisho, anayesomea sayansi ya chakula chuoni, ndiye aliyenitembeza hadi Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kijani lililo kwenye kreta karibu na Kendu Bay. Tulipita mjini kwanza. Kendu Bay ni mji wa zamani wa wafanyabiashara, una msikiti wake na maduka yake ya Kihindi yenye baraza za nguzo, na nilipata mahamri na kahawa kana kwamba niko Tanga. Halafu ziwa. Maji yake ni ya magadi, hayana samaki, na flamingo huja wakati mwingine. Wanajiolojia wanasema ni mlipuko wa volkano. Watu wa hapa wanasema palikuwa na kijiji, na usiku mmoja kulikuwa na karamu, ngoma na pombe, akaja bibi kizee mwenye njaa, akafukuzwa. Mwanamke mmoja peke yake alimhurumia. Bibi akamwambia aondoke, kisha mvua ikaja na kijiji kikazama na ngoma zake.

"Wahubiri wanasema walizama kwa sababu ya pombe," binti aliniambia. "Dani anasema walizama kwa sababu ya uchoyo. Anasema wangempa tu huyo mzee kikombe."

Ana mipango, huyu binti, na mipango yake ni ya kazi. Amekuwa akijaza kong'o kwenye chupa za soda ili aone inakaa siku ngapi. Chupa zinavimba, na mbili zimepasuka chini ya kitanda chake cha hosteli. Nilimwambia kwamba Champagne nako zilipasuka kwa mamia, na wafanyakazi wa mapangoni walivaa vinyago vya chuma usoni kwa miaka mingi mpaka kioo kizito kilipopatikana na sukari ikapimwa. Hilo lilimfurahisha sana. Anataka kupata kibali, anataka chupa ya kioo, na anataka lebo itaje mteremko. Mjomba wake anataka mteremko huo upandwe mtama mweupe kwa sababu una mnunuzi na bei inajulikana. Walibishana mbele yangu wakati wa chakula cha jioni, kwa heshima, kila mmoja akisema zamu yake, na Dani akaamua kwamba bondeni pawe pa mjomba na mteremkoni pasiguswe.

Nilipokuwa nafunga mzigo binti aliniletea karatasi ya maswali kwa ajili ya watafiti wa zabibu wa kituo cha TARI pale Makutupora. Anauliza wanahifadhije vipandikizi vya aina za zamani zisichanganyike na mpya. Anauliza uchungu wa ganda unapimwaje bila maabara kubwa. Anauliza unene wa chupa inayostahimili hewa, na ni nani Afrika Mashariki anayeiuza kwa idadi ndogo. Mwisho anauliza kama mkulima wa Dodoma akitaka kutengeneza mvinyo wake mwenyewe nyumbani, badala ya kuuza zabibu, anaruhusiwa, na aanzie ofisi gani. Swali hili la mwisho nimelinakili mara mbili. Nakala moja nimeipeleka Makutupora pamoja na mengine, na ya pili naizungusha Mpunguzi, nyumba hadi nyumba.